Pini Iliyoganda

Ushuhuda wangu unaanza na kipande cha chuma kifupi kuliko kiganja: pini ya kalipa ya breki, gurudumu la mbele la kulia. Pini hiyo ilikuwa imeganda ndani ya tundu lake. Kabla haijafunguliwa nilikuwa dereva kama madereva wengi wa nyumba hapa Jeddah, mtu wa kuosha gari alfajiri, kukaa katika chumba cha kando ya lango na kungoja simu ilie. Leo magari yote ya nyumba ile yako mikononi mwangu. Mimi ndiye ninayesema lipi litoke na lipi lilale, na likilala hakuna anayenuna. Nimeona niyaandike haya kwa ajili ya wenzangu walioko Saudia, Oman, Qatar na Imarati wanaoendesha magari ya watu, na kwa yeyote huko nyumbani ambaye gari lake limebadilishwa pedi mara kwa mara na bado breki hazikai sawa.

Nimekulia Kisauni, Mombasa. Kabla ya kuvuka bahari niliendesha matatu ya kwenda Malindi. Gari lilikuwa la tajiri, fundi alikuwa wa tajiri, na mimi nilidaiwa hesabu ya jioni. Breki ikilia, gari linapelekwa gereji. Likitoka huko linaingia barabarani. Ndivyo nilivyolelewa katika kazi hii, na nilipofika Jeddah nikakuta mambo ni yale yale: gari la baba, gereji aliyoichagua baba, mimi napeleka na kurudisha. Kwa wasioijua desturi ya huku, sisi wafanyakazi wa nyumbani humwita mwenye nyumba baba na mkewe mama, hata umri wetu ukiwa unakaribiana na wao.

Nyumba yetu iko Safa, jirani na mtaa wa Marwa. Wapo wanaodhani kwamba Safa, kwa kuwa iko mbali kidogo na ufuko, imeepukana na chumvi ya Bahari ya Shamu. Haijaepukana. Usiku wa mwezi Agosti unyevu hulala juu ya bodi za magari mpaka ukipitisha kidole unaweza kuandika jina lako. Asubuhi jua linaukausha, chumvi inabaki, na jioni unyevu unarudi kuiamsha. Ongeza vumbi, kisha ongeza mwendo wenyewe: shule asubuhi, shule tena adhuhuri, maduka jioni, ndugu na jamaa usiku, matuta, mizunguko, na gari la mbele linalosimama bila taarifa. Breki za gari la nyumba zinachoka kabla ya injini. Nalisema hili kwa sababu wenye magari wengi huuliza habari za oili na kamwe hawaulizi habari za breki.

Halafu kuna mvua. Jeddah hukaa miezi bila tone, kisha siku moja mbingu zinafunguka. Wakazi wa zamani bado wanasimulia tarehe 25 Novemba 2009, mafuriko yalipoua watu zaidi ya mia moja. Mimi niliyoyaona kwa macho yangu ni ya Alhamisi, tarehe 24 Novemba 2022. Upande wa kusini mwa jiji zilipimwa milimita 179 ndani ya saa chache tu, shule zikafungwa, na barabara ya kwenda Makka ikafungwa kwa muda. Gari letu dogo, lile la kupelekea watoto shule, lilikuwa limeegeshwa mahali pa bondeni. Maji yalifika nusu ya rimu na yakakaa. Yalipokauka tuliosha ndani, tukaanika mazulia, injini ikawaka vizuri, na sote tukashukuru Mungu kwamba limenusurika.

Baada ya majuma kadhaa likaanza kuvuta kulia. Si kwa ghafla. Ni ule uvutaji mdogo ambao mkono unauzoea bila kujijua. Rimu ya mbele kulia ikawa nyeusi kwa vumbi la pedi ilhali ya kushoto ni safi. Nikishuka nasikia harufu ya kitu kilichoungua, na petroli nayo ikawa inakwisha upesi. Gereji ya jirani ikabadilisha pedi na kuchonga diski. Likatulia. Kisha yakarudi yale yale, na pedi zikaisha kabla ya wakati wake. Wakaweka pedi nyingine na diski mpya. Baba akalipa, kisha akaniuliza kwa upole kama nina tabia ya kuendesha huku mguu nimeulaza kwenye breki.

Swali lile lilinichoma. Sikuwa na cha kujibu, kwa sababu jibu lilikuwa ndani ya gurudumu, na gurudumu lilikuwa mali ya gereji.

Ijumaa moja, baada ya swala, ndugu wa Pwani akanielekeza kwa mzee mmoja fundi, mzaliwa wa Kibokoni, Mji wa Kale wa Mombasa, asili yake Hadhramaut kama wengi wa mtaa ule. Ujana na uzee wake wote ameumalizia kwenye sanaiya za Jeddah, yaani maeneo ya gereji na viwanda. Jina lake silitaji kwa kuwa mwenyewe hapendi kutajwa. Mimi namwita Ami, naye ananiita mwanangu. Nilipomsalimu na kumweleza, hakuliangalia gari kwanza.

"Pedi kuukuu ziko wapi?"

"Zilitupwa kule gereji, Ami."

"Basi umekuja bila shahidi, mwanangu. Tutamtafuta mwingine."

Akaliinua gari kwa jeki, akaweka stendi za chuma chini yake kabla ya kugusa chochote. Akaushika mpira wa tairi kwa mikono miwili na kulizungusha gurudumu. Lilikuwa zito. La kushoto alipolizungusha lilikwenda lenyewe duara nzima. Hapo mafundi wengi wangesema: kalipa imekufa, leta nyingine. Ami akasema kuna watu watatu wanaoweza kushtakiwa kwa gurudumu kung'ang'ania, na lazima tujue ni nani kabla ya kumhukumu. Wa kwanza ni mpira wa breki, ule unaopeleka mafuta kwenye kalipa: kwa nje unaonekana mzima, lakini ndani umevimba au umechanika, unapitisha mafuta ukikanyaga na kuyazuia yasirudi ukiachia. Wa pili ni pistoni iliyoshika kutu ndani ya silinda yake. Wa tatu ni pini.

Jinsi alivyowatenga ndiyo elimu ninayoithamini kuliko zote nilizopata katika nchi hii. Alinituma niingie ndani, nikanyage kanyagio na kuliachia. Gurudumu likabana na halikuachia. Akaleta spana ndogo na kopo, akafungua kidogo ile skrubu ya kutolea upepo iliyo nyuma ya kalipa. Kama mafuta yangeruka kwa nguvu na gurudumu likalegea papo hapo, ingekuwa dalili kwamba kuna shinikizo lililofungiwa, na mshukiwa ni mpira au kitu cha juu zaidi kwenye njia ya mafuta. Yalitoka matone mawili matatu, ya polepole. Gurudumu likabaki zito vile vile. Akaifunga skrubu. "Mpira hauna kesi," akasema. Kazi ya dakika chache, bila kununua kitu, na tayari mshukiwa mmoja kaachiwa huru. Nafikiria ni mipira mingapi na masta silinda ngapi zinazobadilishwa kila siku, Jeddah na Mombasa, kwa kukosa zile dakika chache.

Kisha akafungua bolti ya chini na kujaribu kuipindua kalipa juu. Ilikubali kwa shida. Akatoa pedi, akanipa zote mbili, moja kila mkono.

Nitazieleza kama nilivyoziona. Ya nje ilikuwa karibu mpya, unene wake umejaa, uso wake una mchirizi mwembamba tu. Ya ndani ilikuwa imeliwa mpaka upande mmoja chuma kimetokeza, tena imeliwa mshazari, juu nene na chini nyembamba, na bamba lake la nyuma limegeuka rangi ya samawati kwa moto. Zilikuwa zimefungwa siku moja, katika gurudumu moja, na zimetembea kilomita zile zile.

Ami akanieleza huku nazishika. Kalipa ya magari mengi madogo ina pistoni upande mmoja tu, wa ndani. Ukikanyaga breki, mafuta yanasukuma pistoni, nayo inaipeleka pedi ya ndani mpaka iguse diski. Hapo kalipa yenyewe inatakiwa iteleze kurudi ndani juu ya pini zake mbili, ili iivute pedi ya nje nayo ikabane. Pini ikiganda, kalipa haitelezi. Pedi ya ndani inafanya kazi ya mbili. Ukiachia kanyagio, kinachoirudisha pistoni ni pete ya mpira iliyo ndani ya silinda, ambayo hujipinda pistoni inapotoka na kujinyoosha shinikizo likiisha. Inairudisha kwa sehemu ndogo tu ya milimita. Pete ile haina nguvu ya kuiburuta kalipa iliyoganda. Akanipa mfano wa droo ya mbao iliyovimba wakati wa masika: ikishika upande mmoja, hata uivute kwa nguvu itakuja mshazari. Ndiyo maana pedi yetu ililiwa mshazari, maana pini ya chini ilikuwa nzima na ya juu imeganda.

Kuitoa pini ile kulituchukua sehemu nzuri ya alasiri. Kifuniko chake cha mpira, kile chenye mikunjo, kilikuwa na mpasuko mdogo usioonekana mpaka ukikunjue kwa kidole. Maji ya mafuriko yaliingia hapo, yakapata pa kukaa. Ami alipulizia mafuta ya kulegeza kutu, akasubiri, akaibana breketi inayoshika kalipa kwenye jiliwa, akaikamata pini kwa spana na kuizungusha nyuzi chache huku, nyuzi chache kule, bila kuivuta. Alinikataza nisipige nyundo. Kila mzunguko ukatoa unga wa rangi ya kahawia. Mwishowe ikatoka na mlio, na juu yake kulikuwa na ukanda wa tope kavu pale maji yalipoishia. Grisi ya kiwandani haikuwepo hata alama.

Pini yenye mashimo ya kutu hairudishwi. Ukiisugua kwa msasa itateleza leo, kesho itashika, kwa sababu mashimo yale yanatunza maji. Tulinunua pini mpya na vifuniko vyake, vitu vya bei ndogo sana ukilinganisha na pedi na diski ambazo baba alikuwa ameshazilipia. Tundu la breketi likasuguliwa kwa brashi nyembamba ya waya, likafutwa mpaka kitambaa kikatoka cheupe. Pistoni akaiangalia kwa tochi: safi, kifuniko chake kizima, nayo ilirudi ndani kwa klempu bila kupigana. Akaiacha. Fundi anayejua kukiacha ambacho hakijaharibika ni fundi wa kumshika.

Juu ya grisi nataka nikae kidogo, maana hapo ndipo kazi nyingi nzuri zinapoharibiwa. Grisi ya kawaida, ile ya beringi au ya chasisi, imetokana na mafuta ya petroli, nayo huvimbisha mipira ya breki. Ukiipaka kwenye pini, siku hiyo itateleza vizuri mno, mteja atafurahi, na baada ya muda mpira utavimba na kuishika pini upya. Kinachofaa ni grisi iliyotengenezwa kwa breki, ya silikoni au ya namna hiyo, inayostahimili joto na isiyodhuru mpira. Ipakwe kidogo. Ukijaza tundu, hewa inakosa pa kwenda na pini inasukumwa nje. Na kabla ya kurudisha, tazama kama pini moja ina kipete cha mpira kwenye ncha. Magari mengi yana pini za namna mbili, moja yenye kipete na moja isiyo nacho, na kila moja ina tundu lake. Ukizibadilishana, umejitengenezea ugonjwa ule ule ulioutibu.

Gari lilipotoka pale lilikwenda sawa bila kuvuta. Lakini mabadiliko yangu mimi yalitokea usiku ule, barazani kwa baba.

Nilizichukua zile pedi mbili nikazifunga kwenye gazeti. Nilimkuta amekaa majlisi na kahawa, nikaomba ruhusa, nikazifungua mbele yake. Alizishika, akazigeuza, akapitisha kidole kwenye ule mshazari. Akauliza, "Hizi zote mbili zimetoka gurudumu moja?" Nikamwambia ndiyo, na nikamweleza kwa Kiarabu changu cha mtaani jinsi kalipa inavyoteleza, kwa kutumia vikombe viwili na kijiko. Alinisikiliza mpaka mwisho. Hakuwahi kunisikiliza hivyo kabla. Kisha akasema kuanzia siku ile gurudumu lisifunguliwe popote bila mimi kusimama pale, na pedi kuukuu zisitupwe mpaka nizione. Akanipa pesa za kununua vifaa.

Ieleweke uzito wa jambo lile kwa mtu wa kazi yangu. Tarehe 24 Juni 2018 wanawake walipoanza kuendesha magari Saudia, madereva wa nyumba tulikaa vikao vingi vya wasiwasi. Kila mmoja alikuwa na mahesabu yake ya ada za shule kule nyumbani, na kila mmoja alijiuliza atahitajika mpaka lini. Mama alipata leseni, binti mkubwa naye akafuata, na saa zangu za usukani zikapungua kweli. Kilichoniweka ni kwamba watu wanaoendesha waliongezeka na magari yakawa matatu, na magari hayo yanahitaji mtu anayeyajua kwa ndani. Binti anakwenda chuo na kurudi usiku. Gari lake ni amana kwangu zaidi hata kuliko nilipokuwa namwendesha mwenyewe, kwa kuwa sasa simo ndani yake kusikia linavyolia.

Kwa hiyo nilijifunza. Nilikwenda kwa Ami kila nilipopata nafasi, nikashika tochi, nikaosha vyuma, nikauliza. Nilijifunza kuitundika kalipa kwa waya na kutoiacha ining'inie kwenye mpira wake. Nilijifunza kutopuliza vumbi la breki kwa mdomo wala kwa kompresa, bali kulilowesha na kulifuta. Nilijifunza kwamba pistoni iliyoganda husukumwa nje kwa shinikizo la kanyagio la breki lenyewe, polepole, na kwamba wanaotumia hewa ya kompresa bila kipande cha mbao mbele yake hupoteza vidole. Kalipa za nyuma zenye hendbreki ndani yake nazo zina adabu yake: pistoni nyingi za namna hiyo hurudishwa kwa kuzungushwa, na ukilazimisha kwa klempu unavunja kilicho ndani.

Nilijifunza pia habari ya mafuta ya breki, ambayo kwa miji ya unyevu kama Jeddah na Mombasa ni habari kubwa. Mafuta haya hunyonya maji kutoka hewani. Kwa kipimo cha DOT 3, yakiwa mapya hayatakiwi kuchemka chini ya nyuzi 205 za Selsiasi. Yakishanyonya maji kufikia asilimia 3.7, kiwango kinashuka hadi 140. DOT 4 ni 230 na 155. Maji hayo hayo ndiyo yanayoanzisha kutu nyuma ya pistoni, upande usioonekana. Ndiyo maana nayabadilisha kila baada ya miaka miwili hata kama gari halijatembea. Gari linalokaa, kwa kweli, ndilo linaloganda zaidi.

Nduguye baba anakaa Riyadh, katika Safa ya kule, maana Riyadh nako kuna mtaa wa Safa. Niliitwa nikamwangalizie gari lake, na nikaona kitu tofauti. Riyadh iko juu, kama mita 600, mbali na bahari, na hewa yake ni kavu. Kutu ilikuwa ndogo sana. Lakini vifuniko vya mpira vilikuwa vimepasuka kwa jua, na grisi imechanganyika na vumbi laini la jangwani mpaka imekuwa udongo mgumu. Pini ilikuwa imeganda vile vile. Mtu asijifariji kwamba kwao hakuna chumvi.

Kilichonipa uhakika kwamba nimebadilika ni safari ya Taif. Familia ilipanda kule kukimbia joto, kwenye gari kubwa, ambalo lilikuwa limelala nyumbani muda mrefu walipokuwa safarini nje ya nchi. Taif iko takriban mita 1,800 juu ya bahari, na njia yetu ya kushuka ni ile ya Hada, mteremko wa zaidi ya kilomita 20 wenye kona zaidi ya 90. Jioni ya kurudi nililizungusha gari mjini kutia petroli, na niliposhuka nikafanya ninachofanya siku zote: nikapitisha mkono karibu na kila rimu bila kuigusa. Ya nyuma kushoto ilinirudishia mkono kwa joto. Nina kipima joto cha kuelekeza, kile cha mafundi, nikapima diski. Mimi huangalia tofauti ya kushoto na kulia kuliko namba yenyewe, na tofauti ile ilikuwa kubwa mno kwa gari lililotembea mjini tu.

Mizigo ilikuwa imeshapakiwa. Watoto walikuwa wamekaa. Nikamwambia baba, "Gari hili halishuki Hada usiku huu."

Mimi, dereva wa Kisauni, nilimwambia mwenye gari maneno hayo mbele ya wakwe zake. Zamani ningesema labda, pengine, tukienda taratibu. Lakini nilikuwa nakijua kilichokuwa kinatokea ndani ya gurudumu lile: pedi inasugua muda wote, joto linapanda, na mteremko utaongeza joto juu ya joto mpaka mafuta yachemke, na mafuta yakichemka kanyagio linazama mpaka chini bila kushika kitu. Sisi Wakenya tumezika watu wengi kwenye miteremko. Julai 2022, basi lilipotumbukia kutoka Daraja la Nithi na kuua watu zaidi ya thelathini, niliitazama habari ile kwenye simu chumbani kwangu Safa, na ikatajwa kwamba breki zilishindwa. Nilikuwa nimewabeba watoto wa watu.

Baba alishuka. Hakuniuliza neno, alikwenda mwenyewe akapeleka mkono kwenye rimu, kulia kisha kushoto. Akawaambia watoto washuke.

Tulilala Taif. Asubuhi gari likapelekwa kwa fundi juu ya satha, lile lori la kubebea magari, na mara hii nilisimama pale pale, nikamwomba afungue ile skrubu kwanza. Matone ya polepole. Pini zilikuwa zinateleza, maana nilikuwa nimezihudumia mwenyewe. Ilikuwa pistoni. Kifuniko chake kilikuwa kimechanika kwa chini, na pale ambapo ile pete ya mpira huikamata kulikuwa na duara la kutu lenye mashimo. Fundi alitaka kuisugua na kuirudisha, nami nikamwonyesha mashimo yale kwa ncha ya kucha. Tukanunua kalipa mpya. Walitupatia pia chaguo la iliyotolewa kwenye gari bovu, bei nusu. Nikalikataa, kwa sababu kalipa iliyokaa kwenye jua la uwanja wa magari mabovu ina mpira ule ule uliokufa. Tukatoa upepo mpaka mafuta yakaja safi, bila povu. Tukashuka Hada mchana kwa gia ndogo, na katikati ya mteremko niliegesha mahali panaporuhusiwa nikapima magurudumu yote manne mbele ya macho ya baba. Yalikuwa yanakaribiana.

Sasa nina daftari. Kila miezi michache nafungua magurudumu, napima unene wa pedi ya ndani na ya nje, na kuandika. Pedi mpya nyingi huanza na milimita 10 au zaidi kidogo. Zikifika 3 nazitoa. Lakini safu ninayoisoma kwanza ni ile ya tofauti kati ya ndani na nje, kwa kuwa ukaguzi wa gari wa kila mwaka, ule wanaouita fahs, una rola zinazopima nguvu ya breki kushoto na kulia, ila hauwezi kukuonyesha pedi ya ndani inavyoliwa peke yake miezi kabla ya mashine kulalamika. Binti ndiye anayeniandikia tarehe kwa Kiarabu, na amejua kusoma namba zile vizuri kuliko nilivyotarajia. Juzi alinionyesha mwenyewe kwamba gari lake, nyuma kulia, ndani ni 6 na nje ni 8. Bado si hatari. Vifuniko vya mpira nimeshaviagiza, grisi ninayo, na nimemwambia baba kwamba gari hilo litalala siku moja kabla ya Ramadhani kuingia.